Hewa Iliyomzunguka Manet: Uchambuzi wa Picha Moja ya Mwaka 1867

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1867, watu waliokwenda kutazama Salon, yaani maonyesho rasmi ya sanaa ya mjini Paris, walimkuta Édouard Manet ukutani ingawa mwenyewe hakuwa amepeleka hata picha moja. Alikuwa amesimama ndani ya fremu, amevaa kofia ndefu nyeusi ya hariri, koti jeusi, tai ya buluu na glavu, na ameshika bakora kwa mikono yote miwili. Aliyemchora kwa rangi za mafuta ni rafiki yake Henri Fantin-Latour, na ili mtazamaji asibaki na shaka, Fantin aliandika chini ya turubai maneno ya Kifaransa yenye maana ya "kwa rafiki yangu Manet", akatia jina lake na mwaka.

Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho: mchoraji anachekwa na mji mzima, na mchoraji mwenzake anaamua kumchora. Wengi walioieleza picha hii wamesimama kwenye mavazi, wakasema kwamba Fantin alitaka kuonyesha kuwa Manet ni muungwana. Jambo hilo ni kweli, nami nitalieleza. Lakini naona kuna utetezi wa pili ndani ya turubai hiyo, na huo haumo katika koti wala kofia. Umo katika sehemu ya picha ambayo kwa mtazamo wa kwanza haina kitu chochote.

Salon ilikuwa soko, baraza na mahakama kwa wakati mmoja. Jopo la waamuzi lilichagua picha za kutundikwa, magazeti yaliziandika kwa wiki kadhaa, serikali na matajiri walinunua humo, na mchoraji aliyekataliwa alikuwa na njia chache sana za kuufikia umma. Manet aliijua mahakama hiyo vizuri. Mwaka 1859 picha yake ya mnywaji wa absinthe, pombe kali ya mitishamba, ilikataliwa, na mwaka huohuo Fantin naye alikataliwa. Mwaka 1861 Manet alipokelewa na kutajwa kwa heshima kwa ajili ya mwimbaji wake wa Kihispania, na ilionekana kana kwamba njia imefunguka. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1863 picha yake ya mwanamke aliye uchi akila msituni pamoja na wanaume wawili waliovaa kikamilifu ilitundikwa katika maonyesho ya waliokataliwa, yaliyofunguliwa kwa amri ya Kaizari Napoleon III, na umati ukaja kuicheka. Mwaka 1865 ikafuata Olympia: mwanamke mtupu juu ya kitanda, anamkazia macho mtazamaji bila haya, mtumishi mweusi akimletea maua na paka mweusi akisimamisha mkia miguuni pake. Picha hiyo ilipokelewa na jopo, lakini hasira na vicheko vilizidi hata ikabidi ilindwe, na baadaye ikahamishiwa juu kabisa ya mlango ambako ilikuwa vigumu kuiona. Mwaka 1866 Manet alipeleka picha mbili, mpiga filimbi mdogo wa jeshi na mwigizaji wa tamthilia, na zote mbili zikarudishwa.

Hizo mbili za mwaka 1866 ndizo muhimu kwa kisa chetu, nami naomba msomaji azikumbuke, maana tutazirudia.

Katika miaka hiyo jina la Manet lilikuwa limeachana na mtu mwenyewe. Watu waliosoma magazeti na kutazama vikatuni walijitengenezea Manet wao: mhuni wa mikahawani, mtu mchafu mwenye nywele timutimu, asiyejua kuchora na anayetafuta sifa kwa kuwakera watu wa heshima. Ukweli ulikuwa mbali sana na hapo. Alizaliwa Paris tarehe 23 Januari 1832, baba yake akiwa ofisa wa juu wa Wizara ya Sheria na baadaye hakimu, mama yake akiwa binti wa mwanadiplomasia. Kwa malezi na tabia alikuwa mtu wa mjini, mwenye maneno mazuri na nguo zilizoshonwa vyema. Hakutaka kuivunja Salon. Alitaka kuingia humo kwa mlango wa mbele, apewe nishani na kusifiwa kama wengine. Hata baadaye sana, rafiki zake walipoanzisha maonyesho yao ya kujitegemea mwaka 1874, hakujiunga nao. Wala Fantin hakujiunga.

Fantin alikuwa mdogo kwa Manet kwa miaka minne. Alizaliwa Grenoble mwaka 1836, mtoto wa mchoraji wa picha za watu, na alipokuwa kijana alijifunza zaidi katika Louvre, makumbusho makubwa ya sanaa ya Paris, kuliko darasani, akinakili kazi za mabingwa wa zamani mwaka baada ya mwaka na kuuza nakala hizo ili apate riziki. Humohumo Louvre ndimo alimofahamiana na Manet, mwaka 1857. Mwaka 1861 alipita kwa muda mfupi katika karakana ya Gustave Courbet, mkubwa wa uhalisia wa Kifaransa, na ingawa hakukaa, alibaki na imani kwamba mtu wa leo, katika nguo zake za leo, anatosha kuwa somo la picha bila kuvikwa joho la miungu ya Kigiriki. Leo Fantin anajulikana zaidi kwa maua yake, ambayo Waingereza waliyapenda sana, na pengine ndiyo sababu tunasahau kwamba alikuwa miongoni mwa wachoraji makini kabisa wa nyuso za watu katika karne ile.

Sasa tuitazame picha yenyewe. Ina urefu wa sentimita 117.5 na upana wa sentimita 90, na inamwonyesha Manet hadi karibu na magoti. Suruali ni ya kijivu, koti ni jeusi, mkufu wa saa unang'aa kidogo kifuani, na ndevu za rangi ya dhahabu iliyoiva zimekatwa kwa uangalifu. Mwanga umeuendea uso na mikono. Hakuna kiti, hakuna pazia, hakuna meza yenye vitabu, hakuna dirisha. Nyuma yake pana rangi ya kijivu inayoelekea kahawia, na huwezi kusema kama ni ukuta au ni hewa.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana lugha ya mavazi haya. Anayeijua kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya mkono iliyokaa sawasawa na bakora mkononi mwa mtu mzima anaelewa kwamba vitu hivyo husema kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Kofia ndefu, glavu na bakora ya Paris ya mwaka 1867 vilisema vivyo hivyo: huyu ana kwao, ana malezi, ana wakati wake mwenyewe. Jinsi anavyoishika bakora inanivutia zaidi ya vazi lolote. Hajaiegemea kama mzee, wala haizungushi kwa madaha kama kijana wa barabarani. Ameishika mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyesimama akisubiri na asiyeona sababu ya kuharakishwa.

Kinachokosekana ni brashi. Hilo si jambo la kupita haraka. Miaka mitatu kabla ya hapo, katika picha kubwa ya kumuenzi mchoraji Eugène Delacroix, Fantin alijichora mwenyewe katikati ya kundi la wasanii na waandishi, Manet na mshairi Charles Baudelaire wakiwamo, na katika kundi zima la makoti meusi yeye peke yake alivaa shati jeupe la kazi na kushika ubao wa rangi. Alijua basi namna ya kumtangaza mtu kuwa ni mchoraji, na kwa nafsi yake alifanya hivyo bila kusita. Kwa Manet aliamua kuziacha zana zote. Mtu angeweza kusema kwamba huku ni kumpunguza: umechukua mchoraji ukamfanya bwana wa matembezi. Mimi naona kinyume chake. Mwaka 1867 brashi mkononi mwa Manet ingemrudisha mtazamaji moja kwa moja kwenye paka mweusi na mwanamke aliye uchi, na kicheko kingeanza upya. Bila brashi, mtazamaji alilazimika kwanza kukutana na binadamu.

Na alikutana naye. Wako wahakiki walioandika kwa mshangao wa kweli kwamba kijana huyu nadhifu, mwenye glavu, hafanani hata kidogo na mtu waliyemdhania. Mshangao huo ndio ushindi wa kwanza wa picha. Kwa wale waliosimama mbele yake kwa dakika chache, yule Manet wa vikatuni alipata mpinzani mwenye uso.

Ungeishia hapo, kisa kingekuwa kizuri lakini chepesi: rafiki amemsafisha rafiki yake kwa nguo. Kuna barua, hata hivyo, inayobadilisha namna ninavyoitazama picha hii. Mwaka 1865, baada ya fedheha ya Olympia, Manet aliondoka Paris akaenda Hispania, na kutoka Madrid alimwandikia Fantin. Alimwambia kwamba alisikitika kutokuwa naye huko, kwamba Velázquez, bingwa wa Kihispania wa karne ya 17, peke yake anatosha kuwa sababu ya safari, kwamba ni mchoraji wa wachoraji. Kisha akaitaja picha moja iliyomshangaza kuliko zote, ile ya mwigizaji wa enzi za Mfalme Felipe IV, anayejulikana kama Pablo de Valladolid, aliyesimama mahali pasipo sakafu wala ukuta. Manet aliandika kwamba nyuma ya mtu yule pametoweka. Kilichobaki ni hewa inayomzunguka, naye amevaa nyeusi tupu na yu hai.

Mtu aliyevaa nyeusi, aliye hai, aliyezungukwa na hewa: Fantin alikuwa ameyasoma maneno hayo chini ya miaka miwili kabla ya kumchora rafiki yake. Manet aliporudi Paris alilifanyia kazi somo hilo mara moja. Mpiga filimbi wake amesimama mbele ya kijivu kitupu, bila mstari wa kutenganisha sakafu na ukuta. Mwigizaji wake wa tamthilia, Philibert Rouvière, amesimama vilevile, mweusi juu ya utupu. Hizo ndizo picha mbili zilizokataliwa na jopo mwaka 1866. Mwaka mmoja baadaye, Fantin anapeleka Salon mtu aliyevaa nyeusi juu ya kijivu kitupu, na mtu huyo ni Manet mwenyewe.

Sidai kwamba Fantin aliketi akapanga hila. Ninachosema ni kwamba alilotamani Manet kulifanya, alilolieleza kwa rafiki huyuhuyu na alilokataliwa kulionyesha, liliingia Salon likiwa nyuma ya mgongo wa Manet, na jopo halikuligusa. Wakati jopo la mwaka huo lilipowafungia mlango wachoraji wenzao kama Monet, Renoir, Bazille, Pissarro, Sisley na Cézanne, picha hii ilipita.

Kwa nini ipite hii, na mpiga filimbi asipite? Hapa ndipo ufundi unapotoa ushahidi wake. Tazama uso wa mpiga filimbi: mwanga umempiga kutoka mbele, kivuli karibu hakipo, rangi zimewekwa kama vipande bapa vilivyopakana, suruali nyekundu ni doa moja kubwa jekundu. Wakosoaji waliilinganisha michoro ya namna hiyo na karata. Sasa tazama uso wa Manet katika mkono wa Fantin. Kati ya sehemu iliyoangaziwa na sehemu yenye giza kuna hatua nyingi ndogo. Shavu linageuka polepole, jicho limekaa ndani ya tundu lake, ndevu zinaanza bila kukata ngozi. Ni kazi ya mtu aliyenakili Louvre kwa miaka mingi na ambaye hakutaka kuyasahau aliyoyaona huko. Utupu wa nyuma, peke yake, haukuwa kosa. Kosa, machoni pa waamuzi, lilikuwa kuondoa ngazi za kivuli ambazo kila mwanafunzi wa sanaa alifundishwa kuzipanda moja baada ya nyingine. Picha hii inatuonyesha jambo hilo wazi kuliko makala yoyote, kwa sababu inaweka fikra ya Manet katika mkono usio wa Manet, na hapo tunaona ni kipi hasa kilichowaudhi watu.

Hiyo pia ndiyo mipaka ya utetezi huu, na ni haki kuitaja. Fantin alimwokoa mtu, hakuziokoa picha zake. Manet, kwa kutokuwa na imani na jopo, alijenga banda lake mwenyewe karibu na daraja la Alma, si mbali na banda la Courbet, wakati Paris ikiwa imejaa wageni wa Maonyesho ya Dunia. Lilimgharimu zaidi ya faranga 18,000, fedha za mama yake, na lilifunguliwa mwezi Mei likiwa na picha zipatazo 50. Katika utangulizi wa orodha yake aliwaomba watu waje kuona kazi za kweli, hata kama hazikosi kasoro. Wengi waliokuja walikuja kucheka kama zamani. Yule bwana mwenye bakora aliyewastaajabisha Salon hakuweza kuwafuata hadi Alma akawashike mkono mbele ya Olympia.

Mwaka uliofuata Manet mwenyewe alijaribu njia nyingine ya kumheshimu mwenzake. Alimchora Émile Zola, mwandishi aliyemtetea magazetini tangu mwaka 1866, na katika picha hiyo aliijaza meza na ukuta: vitabu, kijitabu cha Zola chenye jina la Manet, mchoro wa Kijapani, nakala ya Olympia, na nakala ya Velázquez. Ni picha yenye hoja nyingi, nayo ni nzuri. Lakini nikiziweka mbili hizi pamoja, naona ile ya Zola inazungumza sana na vitu, na Zola mwenyewe anakaa kama sehemu ya orodha. Fantin hakumpa rafiki yake hata kitabu kimoja cha kumsaidia, na mtu akabaki.

Tena kuchorwa na mwenzako hakukuwa lazima kuwa neema. Mchoraji Edgar Degas alimchora Manet akiwa amejilaza kwenye kochi, akimsikiliza mkewe Suzanne akipiga piano, akampa picha hiyo. Manet hakuridhika na sura ya mkewe ilivyochorwa, akaikata turubai kwa kisu. Degas alipoiona imekatwa, aliichukua akaondoka nayo. Kisa hicho hunikumbusha kwamba kati ya wasanii wawili uso ni eneo la hatari, na kwamba Fantin alilivuka bila kumdhalilisha mtu wala kumdanganya. Hakumfanya Manet kuwa mzuri kuliko alivyokuwa. Kuna uchovu kidogo chini ya ukingo wa kofia, na mdomo umefungwa kwa namna ya mtu aliyesikia mengi.

Brashi ilirudi mwaka 1870. Katika picha kubwa ya karakana ya Batignolles, mtaa mmoja wa Paris, Fantin alimketisha Manet mbele ya turubai, ameshika zana zake, akimchora mwandishi na msanii Zacharie Astruc, huku Renoir, Zola, Bazille, Monet na wengine wakiwa wamesimama kumzunguka kwa utulivu wa watu walio msikitini. Picha hiyo ilimpatia Fantin nishani ya Salon, na gazeti moja likatoa kikatuni cha mchora vikatuni Bertall kilichomwonyesha Manet kama Yesu akichora katikati ya wanafunzi wake. Dhihaka haikwisha, ila ilikuwa imebadilika: mtu aliyechekwa kwa uhuni sasa alichekwa kwa kuwa na wafuasi.

Manet alifariki tarehe 30 Aprili 1883, na Fantin alikuwa miongoni mwa waliolichukua jeneza lake. Picha ya mwaka 1867 iko katika Art Institute ya Chicago, iliyoinunua mwaka 1905, mwaka mmoja baada ya Fantin naye kufariki. Ukisimama mbele yake, koti na kofia huonekana kwanza, kisha uso, kisha ile kijivu tupu aliyoisifu Manet kutoka Madrid. Na chini pembeni, katika utupu ambao Fantin hakuruhusu kiti wala pazia kuugusa, yako maneno yake manne ya Kifaransa yanayosema picha hii ni ya nani.